Makopo ya Barza ya Nyuma

Safari yangu ya kwenda Kasongo ilianza kwa gari moshi na kuishia juu ya magunia ya chumvi. Mama alikuwa amefariki, baba alikuwa akifanya kazi ya zamu bandarini Albertville, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kukaa na mtoto. Basi baba alinipeleka stesheni, akanikabidhi kwa fundi mmoja wa reli aliyekuwa akirudi kwao Kibombo, akanifungia ndizi na karanga katika kitambaa, akaniambia nisishuke mahali popote kabla fundi huyo hajasema. Sikushuka. Mashine ilikuwa ikila kuni, na cheche zilipenya madirishani zikatoboa shati langu kifuani. Daraja la Kongolo tulilivuka nikiwa nimelala, jambo nililolijutia kwa miaka, maana watoto wote wa Kasongo waliniuliza daraja lile lilikuwaje. Pale Samba yule fundi alinishusha, akanitafutia lori lililokuwa likipeleka chumvi na kurudi na pamba, akapanda tena behewa lake. Dereva aliniweka juu ya magunia. Tulifika mtoni, tukangoja kivuko, tukavuka, tukaendelea, na vumbi jekundu likaniingia mpaka masikioni. Nilipolamba midomo ilikuwa na chumvi, na mashavu pia yalikuwa na chumvi, na sikuweza kujua ipi ilitoka guniani.

Tangu hapo nimehama mara nyingi mno. Nimepita miaka arobaini na bado, nikikaa mahali muda kidogo, naanza kuuliza nauli ya kwenda kwingine. Miezi michache iliyopita nilipanga chumba Uvira. Siku ya kuingia, mwenye nyumba alinyanyua kopo la maua lililoachwa na mpangaji wa zamani, na kutoka chini yake ikapanda harufu ya bati lililoota kutu na udongo ambao haujaona jua. Nilisimama mlangoni na begi mkononi. Yule mama akaniuliza kama chumba hakinipendezi. Nikamwambia kinanipendeza, ila nimekumbuka mtu.

Mtu huyo ni mama mukubwa Zaina, dada mkubwa wa mama yangu. Nilipofika kwake alinishusha mwenyewe kutoka kwenye magunia, akanipima mkono kwa vidole vyake, akasema, "Mutoto ya mudogo wangu, umekuwa kijiti. Kuja ule." Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na vidole vyake vilikuwa vigumu kwa sababu aliishi kwa kusuka nywele. Mumewe alikuwa amefariki kabla sijafika. Hawakujaliwa watoto.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, yenye barza mbili. Barza ya mbele, iliyotazama barabara, ilikuwa ya wanaume. Hata baada ya mwenye nyumba kufa, ndugu zake walikuja kuketi hapo siku ya Ijumaa wakitoka msikitini. Wanawake walikaa barza ya nyuma, na hapo ndipo mama mukubwa aliposukia. Ilikuwa na giza. Paa la majani lilishuka chini mno, na nje yake ulisimama mti mkubwa wa jirani wa safu, yale matunda ya zambarau yanayochemshwa, ambao hatukuwa na ruhusa ya kuukata hata tawi. Sakafu yake ya udongo uliopigwa haikukauka vizuri. Mama mukubwa alipaka ukuta udongo mweupe, na baada ya mvua chache ukuta ukarudi kuwa kijani. Wateja walilalamika. Mama Kashindi, jirani yetu, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alikuwa akiketi mkekani na kusema, "Zaina, hapa mutu anasukwa kama iko mu shimo. Siku moja utashona sikio yangu na nywele." Wengine walianza tu kwenda kusukwa kwingine.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wazima wote walilijua. Kiwanja kile kilikuwa cha ukoo wa marehemu. Alipofariki, mdogo wake, bwana Sefu, fundi wa kushona nguo sokoni, alitaka kumrithi mjane, na mama mukubwa akakataa. Wazee wakakaa kikao. Kwa kuwa alikuwa amemtunza mama mkwe wake mpaka siku ya mwisho, walikubaliana abaki katika nyumba ile, alime mboga za msimu mmoja, lakini asipande katika udongo wa kiwanja kitu chochote kinachodumu. Kwetu mti ni neno. Anayepanda mti, nao ukashika, ana lake la kusema juu ya ardhi ile. Siku ambayo mama mukubwa angepanda, mapatano yangevunjika na yeye angefunga mizigo, na mahali pa kwenda hakuwa napo. Ili abaki, ilimpasa kupata wateja wa kumlisha, na asipande. Barza yenye giza ilikuwa ikimfukuzia wateja.

Mimi sikuambiwa hayo. Wiki ya kwanza nilichimba tundu uani nipande kokwa ya safu. Mama mukubwa aliacha kichwa cha mtu katikati ya msuko, akaja mbio.

"Aa! Hapo hapana! Hapa hatupandi kitu mu udongo."

"Sababu gani?"

"Sababu ya mambo ya baba yako mukubwa," alisema, akalifukia tundu kwa mguu.

Nilifikiri sana. Nilijua kwamba baba mukubwa amekufa, na kwamba hakuna aliyenionyesha kaburi lake. Nilijua watu wakipita uani wakimtaja hushusha sauti. Nikapata jibu: amezikwa hapa, chini yetu, na ukipanda kitu mizizi itamchoma. Tangu siku hiyo nilipita uani kwa vidole vya miguu. Usiku nilijikunja upande mmoja wa mkeka ili nisimlalie.

Basi mama mukubwa aliamua kuingiza mwanga barzani kwa majani, na majani hayo yakae ndani ya makopo. Wazo lilimjia aliponituma kupeleka kuni kwa mpishi wa Mbelgiji mmoja aliyenunua pamba, nami nikarudi na tawi moja ambalo mtunza bustani wake alikuwa amelitupa nyuma ya uzio: jani jembamba la umbo la sikio, jeupe kabisa, lenye mishipa ya kijani. Alilisimamisha katika kikombe cha maji pale penye giza kuu, karibu na nguzo. Tulikaa tukilitazama. Lilionekana kana kwamba mtu ameacha mlango wazi kidogo.

"Nilikuwa ninatafuta maua," alisema. "Kumbe ni nyeupe njo inatakiwa."

Kuanzia hapo tukawa watu wa kuchagua. Tulikwenda kijitoni tukachimba yale maua ya rangi ya waridi yanayoota kwenye mawe yenye maji. Yalichanua barzani vizuri na kumwaga maua yake vichwani mwa wateja, nao walipenda. Kutoka kwa masista wa misheni tuliomba majani ya rangi ya divai. Yalikuja mekundu, na baada ya muda kivulini yakageuka kijani kama majani ya viazi. Mama mukubwa aliyarudisha. "Hii imesahau rangi yake," alimwambia sista, "mupe mutu mwenye jua." Makangaga ya msituni yalikubali mara moja, ila yalikuwa na giza lake yenyewe, akayatundika nje, karibu na mtungi wa maji. Kila mmea aliuweka kwanza kando ya mlango, akauangalia mpaka ukaonyesha tabia yake. Uliorefusha shingo kutafuta jua aliugawa. Ulionyamaza na kutoa jani jipya ulibaki.

Mama mmoja aliyeleta samaki kutoka Nyangwe alituletea vyungu vyenye ufa, ambavyo wafinyanzi wa huko walishindwa kuviuza. Vingine vilikuwa makopo ya maziwa na madebe ya mafuta. Mama mukubwa aliyatoboa chini kwa msumari ili maji yatoke. Na kila Ijumaa asubuhi alinyanyua chombo kimoja kimoja, akapitisha kiganja chini yake, akakigeuza, akakirudisha. Nilidhani anaigeuza mimea ili kila upande upate kuona watu.

Mmea wa mwisho ulikuwa tofauti. Mtunza bustani alimpa kijiti chenye majani marefu, membamba, yenye kingo nyeupe. Mama Kashindi alipouona aliweka mkono mdomoni.

"Zaina, hii si muti ya mupaka?"

"Njo yenyewe. Ile ya mashamba iko kijani. Hii iko na nyeupe."

"Na Sefu akiiona?"

"Ataona debe. Debe inabebeka."

Vijijini kwetu, kuanzia Kasongo mpaka Kabambare, mti ule hupandwa pale shamba la mtu linapoishia na la mwingine linapoanza. Mama mukubwa aliuweka katika debe kubwa kuliko yote, penye kona ambayo hakuna kitu kingine kilichokubali kuishi. Ukarefuka. Majani yake yalifika chini ya paa, na kona ile, iliyokuwa nyeusi kuliko zote, ikapendeza kuliko zote. Wateja walirudi. Siku za kuelekea sikukuu walikaa kwa zamu, wakila karanga, wakigombania nafasi karibu na debe lile.

Halafu homa ikamlaza mama mukubwa kwa muda mrefu. Mama Kashindi alitupikia, mimi nikamwagilia mimea asubuhi na jioni. Maji niliyamwaga kwa ukarimu. Kugeuza hakuna aliyegeuza.

Alipoanza tu kusimama na kusuka tena, bwana Sefu alikuja na wazee wawili wa ukoo pamoja na kapita, msimamizi wa mtaa, mzee mkavu mwenye kofia ya kazi, mzaliwa wa upande wa Kabambare. Waliingia moja kwa moja nyuma, jambo ambalo wanaume hawakulifanya. Wateja waliondoka na nywele nusu.

"Shemeji, pole na homa," alisema bwana Sefu. "Nilikuwa ninanyamaza. Lakini hii ni muti ya mupaka. Mutu anaweka mupaka mu kiwanja ya wenyewe, anangoja nini?"

"Iko mu debe, shemeji. Debe si udongo. Nyanyua."

"Mimi? Na mugongo yangu hii?"

"Nyanyua wewe mwenyewe. Kesho usiseme nilikudanganya mbele ya kapita."

Bwana Sefu akakunja mikono ya kanzu, akalikumbatia debe, akavuta. Halikuja. Akatanua miguu, akavuta tena, kofia ikamdondoka, uso ukamvimba. Debe halikutikisika. Nami, niliyekuwa nimesimama kando ya mtungi, nikajua mara moja ni nani aliyelishika.

"Muache!" nilipiga kelele. "Baba mukubwa anaishika!"

Kila mtu alinigeukia. Mzee mmoja alirudi nyuma akataja jina la Mungu.

"Nani anashika?" aliuliza kapita.

"Baba mukubwa. Iko hapa chini. Mutaamusha yeye."

Mama mukubwa aliketi chini ghafla, akashika kichwa. "Mutoto weye! Nani alikuambia iko hapa? Baba yako mukubwa analala ku makaburi, nyuma ya musikiti, na wenzake!"

"Na kwa nini basi hatupandi?"

Wazee walikuwa wakicheka, mmoja mpaka akakohoa, na kapita alifuta macho kwa kofia. Mama mukubwa naye alicheka. Bwana Sefu peke yake hakucheka. Alivuta mara ya tatu kwa hasira, na safari hii debe lilikuja, kuta zake tu. Kitako kilibaki chini, kimeliwa na kutu, na katikati yake mizizi minene kama vidole vyangu ilikuwa imeshuka moja kwa moja ndani ya sakafu.

Kicheko kilikwisha.

"Amepanda," alisema bwana Sefu, akihema. "Mumeona wote. Amepanda."

Mama mukubwa aliitazama ile mizizi. "Nilikuwa mugonjwa," alisema polepole, kwa sauti ndogo. "Sikugeuza." Ndipo nilipoelewa zile Ijumaa zake, na kiganja kile kilichopita chini ya kila kopo. Nilielewa pia, kwa namna mtoto anavyoelewa, kutokana na jinsi alivyoanza kutazama chungu kimoja baada ya kingine, kwamba alikuwa akifikiri kipi atabeba na kipi ataacha.

Kapita alichuchumaa, akagusa mzizi. "Sefu, muti hii uliiona lini?"

"Tangu ilikuwa kidogo. Mvua ya kwanza. Ukiketi mbele, unaiona ku mulango."

"Unakuja hapa kila Ijumaa."

"Ninakuja."

"Ulimwambia nini?"

"Nilinyamaza. Sababu ya heshima."

Kapita akawageukia wazee. "Kule kwetu Kabambare, mutu akisimamisha muti ya mupaka, mwenye udongo anaiona, ananyamaza mpaka mizizi inashika, tunasema amekubali mupaka. Hapa Kasongo munasema namna gani?"

Wazee walitazamana. "Ni vile vile," alisema yule aliyekuwa akikohoa.

Bwana Sefu aliokota kofia yake, akaipangusa, akaivaa. Alikuwa fundi wa kupima nguo, na kipimo alikiona haraka. "Ngoja kwanza, kapita. Mimi sikusema amepanda."

"Umesema sasa hivi. Mara mbili."

"Ilikuwa hasira. Hii haikupandwa. Ni debe imeoza."

"Imeoza?"

"Imeoza kabisa! Hata mutoto anaona."

"Hata mimi ninaona, shemeji," alisema mama mukubwa, na sauti yake nzito ilikuwa imerudi.

"Basi, kama haikupandwa, hakuna kosa," alisema kapita. "Mukate mizizi, mutafute debe mupya. Na tangu leo, Sefu, kila Ijumaa ukitoka musikitini utanyanyua hivi vyote wewe mwenyewe, uangalie chini. Ukiona muzizi, unaniita. Sitaki maneno hii irudi kwangu bila mizizi."

Hivyo ndivyo bwana Sefu alivyopata kazi katika barza ya wanawake. Mwanzoni alikuja amenuna, akainua, akachungulia, akashusha, bila kuketi. Mama Kashindi alihakikisha hakosi Ijumaa hata moja. "Sefu, ukimaliza matako ya makopo, kwangu iko masufuria!" Wanawake walicheka, naye akatazama ukuta. Mti uliokatwa mizizi ulipukutisha majani karibu yote, nasi tukadhani umekufa. Kisha kichwani ukatoa jani moja, jembamba, lenye kingo nyeupe, na bwana Sefu ndiye aliyeliona kwanza. Baadaye alianza kunywa chai kabla ya kuondoka. Baadaye zaidi binti yake akawa anasukwa hapo, halafu anajifunza kusuka, na baba yake akawa na maoni: chungu hiki kikae karibu na nguzo, kile kimesongwa, ufa huu utavuja. Mama mukubwa alimwacha aseme. Mara moja moja alihamisha chungu pale alipoambiwa.

Hata hivyo neno la wazee lilibaki neno. Nyumba haikuwa yake. Nilipokuwa nimekua kidogo nilimuuliza kama hachoki. "Kuchoka na nini?" aliniuliza. "Nikilala, nikiamuka, niko ndani." Lakini nilimwona, kila bwana Sefu alipoinamia debe la kona, anaacha kusuka, vidole vikiwa vimetulia katika nywele za mtu, mpaka debe lirudi chini.

Baba alioa tena, akatuma habari kwa dereva wa pamba kwamba sasa nirudi Albertville, kuna shule. Siku iliangukia Ijumaa. Shati langu lilikuwa limefuliwa, ndizi na karanga zimefungwa, na lori lilikuwa likipakia marobota ya pamba mwisho wa barabara yetu. Nilitaka mama mukubwa aje nami. Nilikuwa nimemwambia tangu asubuhi: baba ana nyumba, kuna ziwa, kuna mahali pengi pa kusukia nywele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wateja.

"Na hizi?" aliuliza, akionyesha vyungu kwa kidevu. "Nani atageuza?"

Akaingia ndani kuchukua kifurushi changu. Bwana Sefu alikuwa ameanza kazi yake, mikono ya kanzu imekunjwa, akinung'unika juu ya mgongo. Nilichuchumaa karibu naye kwa sababu sikujua pa kukaa. Alimaliza makopo ya maziwa, akamaliza vyungu, akafika kwenye debe la kona. Alilishika kwa mikono miwili, akaliinua upande mmoja, akainamisha kichwa. Nami nikainamisha changu.

Katika tundu moja la msumari ulikuwa umetoka mzizi, mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, na ncha yake ilikuwa imekwisha kuzama sakafuni. Bwana Sefu aliutazama. Alinitazama mimi, nikajua kwamba ameona nimeona. Mfukoni alikuwa na mkasi wake wa kazi. Mkono ukaenda mpaka mfukoni ukakaa humo.

Mama mukubwa alikuwa mlangoni, kifurushi changu kifuani.

"Iko nini, shemeji?"

Bwana Sefu alishusha debe taratibu, palepale lilipokuwa, bila kuligeuza. Akatoa mkono mfukoni, mtupu, akaukung'uta kwenye kanzu.

"Hakuna kitu," alisema.

Lori likapiga honi. Mama mukubwa alinisindikiza mpaka barabarani, akaninyanyua juu ya marobota kama alivyonishusha, nami nikaondoka Kasongo, na sijarudi tena.